Tulipobadilisha Paa Wazazi Wakiwa Ndani

Ninyi vijana mnaosomea uuguzi, na ninyi mafundi mnaopata tenda za kukarabati zahanati, nawaandikia kwa pamoja makusudi. Vyuoni mnasoma mbalimbali, lakini siku moja mtakutana kwenye korido moja, huyu na sindano, yule na nyundo, na kila mmoja atamwona mwenzake kero. Mimi nimefanya kazi ya ukunga Shinyanga na upande wa Geita tangu miaka ya sitini hadi ile ya themanini, na nasema bila kumung'unya maneno: nyundo inaweza kuua mtoto mchanga bila kumgusa. Inaweza pia kuzuiwa. Sisi tuliizuia, tena wakati sabuni yenyewe ilikuwa ya kutafuta kwa tochi.

Siku hizi nimestaafu, nakaa Ngokolo, nafuga kuku wachache wasionisikiliza. Watu wa heshima wananiita Mama Kulwa, kwa jina la mwanangu, yule mkubwa wa mapacha. Wale niliowafokea kazini wananiita Mama Ndoo, na hao ndio wengi. Jina hilo nitawaeleza lilikotoka, wala silionei aibu.

Aliyenifundisha kuliogopa vumbi ni Mama Felista, msimamizi wa wodi ya upasuaji nilipoanza kazi, bado nanukia chuo. Alikuwa mwanamke mfupi kutoka Ushirombo, mtu wa misa kila asubuhi, mwenye sauti ndogo iliyotisha kuliko za wanaofoka. Siku moja alikuja fundi bomba, akatoboa ukuta karibu na chumba cha kufungia vidonda. Tundu lenyewe dogo tu, la kupitisha bomba. Nesi wa zamu akafunika vitanda kwa mashuka. Fundi alipomaliza, nesi akachukua ufagio mkavu akafagia, akakung'uta mashuka dirishani, akaona kazi imekwisha. Kwa macho chumba kiling'aa.

Mama Felista aliporudi alikwenda moja kwa moja mlangoni. Alichukua kitambaa cheupe, akakilowesha, akakikamua, akakipitisha juu ya fremu ya mlango, mahali ambapo hakuna anayetazama. Kikatoka na rangi ya ugali wa mtama. Wiki ile vidonda vya watu waliopasuliwa, vilivyokuwa vinafunga vizuri, vilianza kutoa usaha, kimoja baada ya kingine. Mzee mmoja mfugaji, ambaye tulikuwa tunakaribia kumruhusu aende nyumbani, akafariki. Tulikuwa tumemzoea sana mzee yule, alikuwa anatutania kwamba atatuoa wote kwa ng'ombe mmoja aliyekonda.

Mama Felista alituita akatuambia kwamba vumbi la ukuta wa hospitali limeishi na wagonjwa miaka yote, ukiligonga linaamka na kila lilichokula. Ufagio mkavu, akasema, hauondoi vumbi, unalisafirisha tu mpaka kitanda cha jirani. Tangu siku hiyo sijashika ufagio mkavu ndani ya wodi, na hata nyumbani wajukuu wananilalamikia kwamba kila asubuhi sebule imelowa.

Sasa turuke miaka mingi, tufike kwenye lile paa. Nilikuwa msimamizi wa wodi ya wazazi katika hospitali ndogo upande wa Geita, si mbali sana na machimbo ya Nyarugusu. Wodi ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye korido ubavuni, na mwisho wake, upande wa mashariki, kilikuwapo chumba cha kujifungulia. Bati zilikuwa zimeoza. Juu ya dari waliishi popo, ukoo kwa ukoo, na mavi yao yalikuwa yamelundikana mpaka mbao zimebonyea. Mvua ikinyesha, maji yalipenya kwenye ule uchafu yakadondokea vitandani. Mama mmoja alijifungua huku ameshikiwa mwamvuli. Msicheke, ndivyo ilivyokuwa.

Bati mpya na saruji zilipopatikana, kwa kibali kilichotafutwa mpaka viatu vikaisha soli, daktari wetu alitaka wodi ifungwe hadi kazi imalizike. Alikuwa kijana mpole, mwenye kujua kazi yake, na hoja yake ilikuwa na akili: huwezi kuangusha uchafu wa miaka yote ile karibu na watoto waliozaliwa jana. Nami nikamwuliza wazazi waende wapi. Gari la wagonjwa lilikuwa limewekwa juu ya mawe kwa kukosa matairi. Mimba haiahirishwi kama mkutano. Tukifunga, wanawake watajifungulia nyumbani, na tulijua fika nini kilikuwa kinawapata watoto wa nyumbani. Tulibishana siku nzima bila kukosana, halafu tukapatana. Tutafanya nusu ya wodi kwanza, kisha nusu nyingine, wazazi wakihamishwa. Lakini mtoto mmoja tu akiugua kwa sababu ya ujenzi, wodi inafungwa siku hiyo hiyo. Nikakubali, kisha nikaenda stoo kuhesabu ndoo na magunia tuliyokuwa nayo.

Fundi mkuu alikuwa Masanja, jitu refu lenye mabega kama mlango. Ujanani alichimba dhahabu Nyarugusu. Alikuja siku ya kwanza na nyundo begani, akiwa tayari kupanda juu na kuanza kubomoa. Nikamwambia hagongi hata msumari kabla hatujaelewana. Alinitazama kama mtu aliyezuiwa na kuku barabarani.

Tulianza kwa kuangalia upepo. Mwanamke yeyote aliyewahi kupepeta mtama anajua hasimami upande makapi yanakoendea. Kiangazi kwetu upepo unatoka mashariki, kwa hiyo wazazi wakabaki mashariki, na mafundi wakaanza na magharibi; zamu ya mashariki ikifika tungeongeza magunia na maji. Katikati tukatundika magunia ya katani, safu mbili, kuanzia dari mpaka sakafuni, yamepigiliwa kwa mbao juu na chini, na yakawa yanamwagiwa maji kutwa nzima. Vumbi likifika kwenye gunia bichi linanasa. Mlango wa kati tukauziba kabisa. Mafundi wakapewa dirisha la magharibi kuwa ndio mlango wao, wakawekewa ngazi, na kifusi chote kikatokea huko huko, kwenye toroli lililofunikwa kwa gunia lililolowa.

Masanja alilalamikia kila kitu isipokuwa maji. Nilipomwambia dari lazima ilowe kabla ya kuguswa, alisema machimboni ndivyo ilivyopaswa kuwa. Wenzake walikuwa wanatwanga mawe makavu, wanapumua vumbi lake, sasa wengine wanakohoa tu, hawana hata nguvu ya kulima. Akapanda mwenyewe na ndoo, akayalowesha yale mavi ya popo mpaka yakawa tope, akayachota kwa karai taratibu kama anayepakua uji. Hapo nikampenda yule mtu.

Lakini mchana wa siku hiyo hiyo akafanya yake. Jiko la chai lilikuwa upande wa mashariki. Masanja akaona kuzunguka nje ni mbali, akafunua pembe ya magunia, akapita katikati ya wodi na mabuti yake yenye tope la popo, akiwasalimia wazazi kwa adabu kitanda hadi kitanda. Nilikuwa nimeshika ndoo ya maji. Nilimmwagia yote, kuanzia magotini kwenda chini, mbele ya wazazi wote. Alisimama analowa, akaniuliza kosa lake kwa upole ambao ulinifanya nikaribie kucheka. Nilimwonyesha nyayo zake sakafuni, kisha nikamwonyesha mtoto aliyelala kitanda cha karibu. Hakupita tena. Jina la Mama Ndoo alilitangaza yeye, mpaka machimboni.

Maji yote hayo yalitoka wapi? Wanawake wa vijiji vya jirani ndio walioyateka, kwa kujitolea, ndoo kichwani, kwa zamu. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mtu mzima aliyeitwa Mama Masele, mwembamba, mnyamavu, anayetembea haraka kuliko wasichana. Alikuwa na sababu yake ya kuteka maji bila kuchoka. Mke wa mwanawe, Nyanzobe, alikuwa anasubiri kujifungua hapo hapo kwetu.

Nyanzobe alikuwa ameshazaa mara kadhaa, zote nyumbani, na hakuwa na mtoto hata mmoja. Walizaliwa wazima, wakalia vizuri, halafu kabla ya wiki mbili taya lilikaza, mwili ukawa unakakamaa kila wakiguswa, wakafa. Ninyi mliosoma mnajua hiyo ni pepopunda. Chanjo siku zile ilikuwa inakuja na kukosekana, naye hakuwa ameipata kwa wakati. Mama Masele hakuamini sana hospitali. Alimleta mkwe wake kwa shingo upande, sehemu kwa miguu, sehemu juu ya lori la pamba lililowakuta njiani, kwa sababu alikuwa amechoka kuzika. Aliniambia wazi kwamba huyu akifa kwetu, hakuna mwanamke wa kijiji chake atakayekuja tena.

Nusu ya magharibi ilimalizika vizuri. Bati likang'aa, dari mpya ikapigiliwa, kuta zikapakwa chokaa, sakafu ya saruji ikakauka. Kilichobaki ni kuosha kabla ya kuhamia, kazi tuliyoipangia wiki iliyofuata. Daktari alikuwa amesafiri kwenda kufuata dawa. Jumapili mafundi walipumzika, nami nikaenda kanisani na kitambaa changu cheupe cha kichwani, moyo mweupe vile vile.

Niliporudi nilisikia harufu ya zizi kabla sijafika getini.

Korido ya wazazi ilikuwa imesiribwa yote kwa mavi ya ng'ombe. Chumba cha kujifungulia pia, kuanzia ukutani mpaka kizingitini. Na lazima niseme ukweli, ilikuwa imependeza. Walikuwa wamechora kwa vidole vile viduara vinavyofuatana, kazi ya mikono inayojua. Ninyi mliokulia mjini mnaweza kukunja pua, lakini katika nyumba ya udongo hakuna kinachotuliza vumbi kama kusiriba. Mwanamke wa Kisukuma akitarajia mgeni wa heshima anasiriba sakafu. Na sakafu yetu ya zamani ilikuwa na nyufa zilizojaa vumbi. Wanawake walikuwa wametuona muda wote huo tunapigana na vumbi kwa magunia na ndoo, wakatuhurumia, wakaleta dawa wanayoijua. Veronika, nesi wa zamu, alikuwa anahangaika na mzazi aliyekuwa akitokwa damu. Aliposikia wanawake koridoni wanaimba akadhani mimi ndiye niliyewapa kazi.

Na hapo dirishani, ameegemea ukuta, anahema, alikuwa Nyanzobe. Uchungu ulikuwa umeanza asubuhi.

Vijana, vijidudu vya pepopunda makao yao ni mavi ya wanyama na udongo. Ukiyakausha havifi, na maji ya moto ya jikoni vinayaona kama ya kuoga. Kwenye zile nyufa vilikuwa vimeshaingia, na hakuna deki ambayo ingevitoa siku ile. Chumba cha kujifungulia kilikuwa kimeondoka mikononi mwetu. Hasira ilinipanda. Maneno yalikuwa yamejipanga kwenye ulimi, na mnajua ulimi wangu.

Nikauliza nani kafanya. Mama Masele akatoka mbele, mikono bado ya kijani mpaka kwenye viwiko, akaniamkia kwa Kisukuma, akasema ni wao, wamemwandalia mjukuu mahali pa kufikia. Alikuwa anatabasamu. Sikuwahi kumwona akitabasamu kabla ya siku hiyo.

Nikameza yale maneno. Ningesema neno uchafu, angemshika mkwe wake mkono wakaenda zao, na mtoto angezaliwa njiani au kwenye sakafu ile ile ya wenzake. Nilimwomba tukae kwenye benchi. Nikamweleza polepole kwamba kwa miguu ya mtu mzima, mavi ya ng'ombe hayana neno. Lakini mtoto akikatwa kitovu anakuwa na kidonda kibichi, na ugonjwa wa kukaza taya unaishi ndani ya mavi, unaingilia pale kitovuni. Ndiyo maana sisi hatupaki kitu chochote kwenye kitovu, wala hatutaki zizi liingie karibu na kitanda.

Alitazama mikono yake. Nyumbani, kitovu cha kila mjukuu alikuwa amekipaka yeye, majivu na samadi laini, kama mama yake alivyomfundisha.

"Kwa hiyo wale wengine, mayu," akasema, akiniita mama, "ni mimi?"

Nimeulizwa maswali mengi na wakubwa wa wizara, hakuna lililonikata kama hilo. Kudanganya nisingeweza, na kumpiga kwa ukweli nisingeweza.

"Wale sikuwepo, siwezi kusema," nikamwambia. "Huyu wa leo nipo, na wewe upo."

Machozi yalimtoka bila sauti. Kisha akasimama, akajifunga kanga upya kiunoni.

"Basi tuambie tufanye nini," akasema.

Nilikuwa nimeshapata la kufanya. Nusu mpya ya magharibi ilikuwa pale, haijawahi kukanyagwa na mzazi wala mgonjwa. Uchafu wake ulikuwa vumbi la saruji na chokaa tu, la kuosha likatoka. Nyanzobe alikuwa bado na saa za kutembea. Yule aliyetokwa damu alikuwa ametulia, kwa hiyo nikamkabidhi Veronika amtembeze Nyanzobe nje, upande upepo unakotokea, amchunguze na asimwache.

Waliogusa mavi sikuwaruhusu kuingia. Hilo liliwauma, lakini Mama Masele ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza kuelekea pipa la maji. Wakasugua mpaka kwenye mabega, kisha wakapewa kazi ya nje: kuni, sufuria, kuchemsha na kuleta mpaka chini ya dirisha. Waliobaki, wale waliokuwa wameteka maji tu, wakanawa mikono na miguu, wakaingia. Nikatuma mtu amwite Masanja. Alikuja na shati la Jumapili, akavuta harufu, akanitazama, akasema machimboni tungesema duara, lile shimo la dhahabu, limetitia. Nikamwambia basi alizibe. Alivua shati, akapigilia mbao kwenye mlango wa korido na wa chumba cha kujifungulia, akaongeza magunia mabichi juu yake, akafungua njia mpya kwenye veranda ya kusini. Wazazi wengine na watoto wao tukawatoa kwa njia hiyo, wakasubiri kivulini.

Wanawake walikuwa wamechoka na wamevunjika moyo, kazi ikaanza kwa kusuasua. Ndipo mmoja wao akaanza kuimba wimbo wa Bagika, na mwingine upande wa pili akamjibu kwa wa Bagalu. Kwetu Usukumani ngoma hizo mbili zikikutana hakuna anayekubali kushindwa. Haya, ukuta wa kaskazini ukawa wa Bagika, wa kusini wa Bagalu. Nikasimama katikati na ndoo yangu nikipiga kelele. Anzeni juu mshuke chini, la sivyo mtaosha mara mbili. Ndoo hii ya kuoshea, ile ya kusuuzia, kitambaa kisirukie ndoo isiyo yake. Maji yakibadilika rangi, mwaga. Fremu, bawaba, vichwa vya madirisha. Sakafu ya mwisho, mkirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, na aliyekwisha kutoka harudi. Mwisho tukapitisha dawa ya kuua vijidudu, ile kidogo tuliyokuwa tumeificha kama asali.

Walipomaliza wakasimama wote, wananitazama. Kitambaa kingine safi sikuwa nacho. Nikavua kile cheupe cha kichwani, nikakilowesha, nikapanda stuli, nikakipitisha juu ya dirisha la Bagalu. Kikatoka na mstari wa chokaa. Bagika wakashangilia, nikapitisha kwao, kikatoka na mstari vile vile. Wakarudia wote, safari hii bila kuimba. Mara ya pili kitambaa kilitoka kama kilivyoingia. Nikakinyanyua juu wakione, na Mama Masele akakiona kutoka nje ya dirisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema wahenga, na sisi siku ile tuliziba ufa mkubwa kwa kitambaa cha kanisani.

Daktari aliwasili wakati tunaingiza vitanda. Alishuka kwenye lori, akasikia harufu, akaona mbao kwenye mlango wa chumba cha kujifungulia, uso ukambadilika. Nilimweleza yote, mwanzo mpaka mwisho, sikumtaja mtu kwa ubaya. Hakunikatiza. Aliingia kwenye nusu mpya baada ya kuvua viatu, akatazama, akapapasa ukuta. Akasema patano letu liko pale pale: wodi itabaki wazi, lakini mtoto wa Nyanzobe akizaliwa atakaa kwetu mpaka hatari ipite, na akionyesha dalili yoyote tunafunga. Kisha akaniuliza maji ya kunawa yako wapi.

Nyanzobe alijifungua jua likiwa bado juu, chini ya bati ambalo halijawahi kuvuja. Msichana, mkubwa, mwenye hasira. Nilikata kitovu kwa mkasi uliochemshwa kwa shinikizo la mvuke, nikakifunga kwa uzi uliochemshwa pamoja nao, na sikuweka juu yake kitu kingine chochote isipokuwa kitambaa kikavu cha kutoka kwenye boksi. Mama Masele aliomba kumbeba. Nikamwonyesha beseni. Alinawa kwa muda mrefu mpaka nikamwambia inatosha, ngozi haina kosa.

Halafu kukawa na kungoja. Hilo hawawafundishi chuoni. Mafundi hatukuwaruhusu kugusa nusu ya pili, kazi ilisimama, daktari anapita asubuhi na jioni, mimi napita katikati. Nyanzobe hakutaka kulala, alikuwa anamtazama mtoto mdomo. Kila mtoto alipopiga miayo, nilisogea kumtazama taya. Mama Masele alikaa veranda, na kila mara alikwenda kuteka maji ambayo hakuna aliyemwomba. Wanawake wa kijijini walikuja kutazama wakaondoka, na nilijua wanakwenda kusema nini kama mambo yangeharibika. Wiki ya kwanza ikapita. Kitovu kikakauka, kikadondoka chenyewe, safi, bila harufu. Bado tuliendelea kungoja. Wiki ya pili ikaanza, na zile siku ambazo wenzake walianza kukaza taya zikaja, zikapita moja moja, na mtoto akawa ananyonya kwa fujo mpaka mama yake anapiga kelele.

Asubuhi ile daktari alipomaliza kumpima mtoto na kusema tumwandikie ruhusa, Mama Masele aliingia wodini. Alikuwa ameshanawa, mikono inadondosha maji. Daktari alikuwepo, Veronika alikuwepo, na Masanja alikuwa nje ya dirisha lake, amekatazwa kuingia. Nilikuwa na kadi ya mtoto mkononi, nikamwuliza Mama Masele jina, maana mpaka siku hiyo tulikuwa tunaandika mtoto wa Nyanzobe tu.

Akamchukua mtoto, akamweka begani.

"Minza," akasema. "Ni jina la mama yangu. Nilikuwa nimelificha, sikutaka kulizika."

Nililia mbele ya watu, vijana wangu, msimamizi mzima wa wodi, na sikujificha. Daktari naye alikuwa anatazama dari mpya kana kwamba ana shaka na misumari. Nyanzobe alicheka kwanza, kisha wote tukacheka. Mama Masele alimshusha mtoto, akampa mama yake, akaniambia wabeja, mayu, asante mama, kisha akatoka haraka kama kawaida yake. Nilidhani amekwenda kutafuta lori la kuwarudisha nyumbani. Kumbe alikwenda kisimani. Alirudi na wanawake wote wa kijiji nyuma yake, ndoo vichwani, mstari mrefu mpaka getini, na baadhi yao walikuwa na mimba.

Nikajifuta uso, nikachungulia dirishani, nikamwambia Masanja maji yamefika, apande akaloweshe dari ya upande wa pili.